Padi ya kugusa imegoma kwenye Benzi au Lexus: usafishe, uitengeneze, utafute ya mtumba au ununue mpya?

Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, magari ya mji huu yamebadilika. Simama asubuhi kwenye barabara ya kwenda Mtumba utaona Mercedes-Benz C-Class na Lexus NX zikipishana na Noah na Hiace. Nyingi zimeshuka bandarini kutoka Japani zikiwa tayari zimetumika miaka kadhaa, na nyingi zina kitu ambacho fundi wetu wa kawaida hajakizoea: padi ndogo ya kugusa iliyo kati ya viti viwili vya mbele, unayotelezesha kidole juu yake kuendesha skrini ya redio na ramani.

Inapogoma, malalamiko ni yaleyale. Kishale kinaruka chenyewe, au kubonyeza hakuitiki, au padi imekufa kabisa. Gereji mwenye gari anaambiwa, "Bosi, hii tubadilishe tu." Ushauri huo umewatoa watu pesa nyingi bila sababu. Njia zipo nne, ukihesabu na kuiacha ilivyo zinakuwa tano, na ipi ikufae itategemea zaidi kitu gani kimeshindwa na gari lako ni lipi kuliko bei ya spea.

Benzi na Lexus si kesi moja

C-Class ya kizazi cha W205, iliyotengenezwa kuanzia 2014 hadi 2021, ina padi iliyokaa juu ya kitufe cha kuzungusha, mahali kiganja kinapopumzika. Karibu kila kitu unachofanya kwa padi unaweza kukifanya kwa kitufe hicho. Padi ikifa, umepata usumbufu, hujapata dharura.

Lexus NX ya kwanza, nayo ya kuanzia 2014 hadi 2021, haina huruma hiyo. Skrini yake haiguswi, na kwenye matoleo yenye padi hakuna kitufe cha kuzungusha cha kukuokoa. Padi ikikata, ramani na mipangilio vinabaki kuangaliwa tu. Vitufe vya usukani vitakusaidia kuongeza sauti na kubadilisha stesheni. Amri za sauti zipo, lakini gari lililotengenezwa kwa soko la Japani linategemea uzungumze nalo Kijapani.

BMW waliweka sehemu ya kugusa juu ya kitufe chenyewe cha iDrive, na Audi waliweka padi ndogo pembeni ya kitufe cha MMI. Hizo ziko upande wa Benzi: njia ya pili ipo. Kote huku kiyoyozi kwa kawaida kina vitufe vyake, na gari linaendeshwa kama kawaida. Kwa hiyo mwenye Benzi, BMW au Audi anaweza kusubiri spea ifike kwa utaratibu na kupatana bei bila presha. Mwenye Lexus atataka jambo liishe wiki hii, na haraka hiyo ndiyo inayomfanya anunue vibaya.

Watengenezaji wenyewe wameshaachana na padi hizi. S-Class mpya ya 2020, C-Class ya 2021 na NX ya 2021 zote zilihamia kwenye skrini ya kuguswa. Ukitaka gari jingine na jambo hili limekuchosha, hiyo ni habari ya kukumbuka.

Kabla ya kulinganisha chochote, jua kinachoumwa

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea.

Padi hizi hazisomi uzito wa kidole. Chini ya uso wake kuna nyuzi nyembamba zinazotengeneza uga mdogo wa umeme. Kidole kikikaribia, uga unabadilika, na kichakataji kidogo kinahesabu kidole kiko wapi. Kubonyeza ni kazi nyingine kabisa, inayofanywa na swichi ndogo iliyo chini. Kisha kuna utepe mwembamba wa nyaya, ule ambao mafundi simu huuita fleksi, unaopeleka taarifa kwenye ubao wa umeme, na kutoka hapo taarifa inasafiri kwenye mtandao wa mawasiliano wa gari hadi kwenye redio. Hivyo "padi imekufa" inaweza kuwa moja kati ya mambo matano au sita.

Anza na yasiyo na gharama. Kwenye C-Class kuna sehemu ya mipangilio ya kuwasha na kuzima padi, na watoto wakicheza na redio huizima bila mtu kujua. Angalia hapo kwanza. Kwenye Lexus kuna mpangilio wa wepesi wa kishale. Chomoa chaja za bei rahisi na vile vidude vya kurushia muziki vinavyochomekwa kwenye tundu la kiberiti, kisha jaribu tena. Chaja mbovu hutoa kelele ya umeme inayoweza kuvuruga vifaa vya kugusa. Futa padi kwa kitambaa laini kikavu na ujaribu kwa kidole kisicho na mafuta wala krimu ya mikono.

Halafu pima betri. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, betri nzuri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 au chini, usiguse padi. Shughulikia betri, maana umeme ukiwa dhaifu kontrolboksi (kompyuta ndogo) za magari haya huanza kutoa makosa yasiyoeleweka, na padi huwa miongoni mwa vya kwanza kulalamika.

Baada ya hapo, sikiliza dalili zenyewe.

Kishale kikiruka au kujiendesha wakati hujagusa, fikiria unyevu au utando juu ya padi. Dodoma utando huo una chanzo kinachojulikana: dawa ya kung'arisha dashibodi inayopuliziwa sehemu za kuoshea magari. Ikikaa juu ya padi hunasa vumbi, na ikiteremka pembeni huingia ndani.

Kutelezesha kukifanya kazi lakini kubonyeza kusiitike, au kuitika kwa kubonyeza kwa nguvu upande mmoja tu, tatizo liko kwenye swichi ya chini au kuna kitu kimejaa pale. Vumbi letu la kiangazi, kuanzia Juni hadi Novemba, ni jepesi mno. Likichanganyika na soda iliyomwagika miezi sita iliyopita linakuwa gundi.

Padi ikifanya kazi asubuhi na kukata saa nane mchana gari likiwa limeanikwa juani, kisha ikarudi jioni, hiyo ni dalili ya kiungo kilicholegea: fleksi haijakaa vizuri kwenye soketi yake au risasi ya kuchomelea imepasuka kwenye ubao. Joto linapanua vitu na mguso unapotea. Dalili hii mimi huipa uzito kuliko nyingine zote, kwa sababu karibu kila mara inamaanisha kitu kinachotengenezeka.

Padi na kitufe vikifa pamoja, na vitufe vilivyo karibu navyo, acha kuitazama padi. Tafuta fyuzi, soketi, au redio yenyewe.

Mwisho, mashine ya kupimia. Kile kidude kidogo cha bei rahisi kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu hakitakusaidia sana. Kimetengenezwa kusoma makosa ya injini, yanayoanza na herufi P. Wewe unatafuta yanayoanza na B, ya vifaa vya bodi, na U, ya mawasiliano. Yanahitaji mashine inayoingia kwenye kila kontrolboksi: Xentry kwa Mercedes, Techstream kwa Lexus, ISTA kwa BMW, ODIS kwa Audi, au mashine nzuri ya magari mengi kama Launch na Autel. Mwambie fundi hivi: "Kaka, nisomee kontrolboksi zote, usifute kitu, nipe picha ya skrini." Ukiona kosa la U linalosema padi haipatikani kwenye mtandao, shida ni umeme, waya au ubao. Usipoona kosa lolote na padi bado inasumbua, mara nyingi ni uchafu au swichi.

Kusafisha dhidi ya kutengeneza

Hizi mbili huchanganywa, na gereji nyingi hulipisha ya pili kwa kufanya ya kwanza.

Kusafisha kwa nje unaweza kufanya mwenyewe nyumbani Ipagala au Nkuhungu bila fundi. Kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, gari likiwa limezimwa, ukifuta kuelekea katikati ya padi na siyo kuelekea kwenye kingo zake. Usitumie petroli wala thina. Vinakula rangi na gundi. Na usikubali mtu apige upepo wa kompresa pembeni ya padi. Upepo huo hautoi vumbi, unalisukuma ndani zaidi.

Kusafisha kwa ndani ni kazi ya kufungua konsoli, lile boksi lililo kati ya viti vya mbele, na hapo inageuka kuwa ya fundi umeme wa magari. Sababu kubwa ni airbagi. Kwenye magari mengi kontrolboksi ya airbagi imekaa chini ya konsoli ya kati, na nyaya zake zina soketi za njano. Waya hasi wa betri unatakiwa utolewe kabla ya kugusa kitu. Maelekezo ya Toyota yanataka kusubiri angalau sekunde 90 baada ya hapo. Fundi akianza kuchokonoa konsoli huku swichi ya gari imewashwa, mshukuru na uondoke.

Kutoa betri nako kuna bei yake. Benzi itaweza kutaka vioo vya madirisha vifundishwe upya kupanda na kushuka. Redio za baadhi ya magari ya Toyota yaliyotoka Japani hujifunga betri ikichomolewa na kudai namba ya siri au kadi yake ya SD ya ramani, ile kadi ambayo watu wengi walishaitoa na kuweka muziki. Uliza kuhusu redio yako kabla, siyo baada.

Kutengeneza ni hatua ya mbele: kubadilisha swichi ndogo, kurudishia fleksi, kuchoma upya risasi iliyopasuka. Kazi hii gereji nyingi za Kizota hazina vifaa vyake, na hazipaswi kulaumiwa. Wenye vifaa ni mafundi simu. Yule kijana mwenye hadubini, mashine ya hewa ya moto na mkono uliotulia, anayebadilisha soketi za chaji kutwa nzima, anashughulika na vipande vidogo kuliko hivi kila siku. Namna ninayoipendekeza ni mafundi wawili: fundi umeme wa magari aitoe padi salama na kuirudisha, fundi simu aishughulikie mezani. Piga picha kila hatua ya kufungua, na hakikisha padi inasafiri kwenye mfuko mkavu, isiwekwe juu ya kiti ikikusanya vumbi.

Ukizilinganisha: kusafisha ni gharama ndogo, saa chache, hatari ndogo, na kunatibu kishale kinachoruka na kubonyeza kunakonasa. Kutengeneza ni siku moja au mbili, gharama ya mafundi wawili na vitu vidogo, na kunatibu padi inayokata kwa joto na swichi iliyochoka. Kusichotibu ni ubao ulioungua au kuliwa na kutu ya kijani baada ya kumwagikiwa. Fundi simu mkweli atakuambia hivyo ndani ya dakika kumi za kuangalia kwenye hadubini, na neno lake hapo lina thamani kuliko la muuza spea.

Mtumba dhidi ya mpya

Ukifika hapa maana yake ubao umekufa au uso wa padi umepasuka.

Padi ya mtumba unaitafuta Kariakoo na Ilala, Dar es Salaam, kwa wanaouza spea za magari yaliyokatwa. Kutoka huko ni kilomita kama 450, na kifurushi kinapanda basi jioni na kupokelewa stendi ya Nanenane kesho yake. Au, kama mambo ni mazito, unakwenda na treni ya SGR, iliyoanza safari za kufika Dodoma mwaka 2024, ukaitazame mwenyewe na kurudi siku hiyohiyo. Ukinunua kifaa cha umeme kilichotumika, kukiona kwa macho kuna faida kubwa.

Udhaifu wa mtumba ni umri. Padi iliyotoka kwenye C-Class ya 2015 ina umri sawa na yako, swichi yake imebonyezwa miaka ileile, na hujui gari lile lilikatwa kwa sababu ya ajali au ya mafuriko. Ndiyo maana mimi huweka kutengeneza mbele ya mtumba pale ambapo yote mawili yanawezekana: padi yako unaijua historia yake.

Mambo matatu ya kushikilia. Namba ya spea iliyo nyuma ya padi yako ilingane na ile unayonunua. Za Mercedes huanza na herufi A na tarakimu kumi, za Lexus hukaa kwa mafungu mawili ya tarakimu au herufi tano tano yaliyotenganishwa kwa kistari. "Inafanana" haitoshi, maana padi mbili zenye sura moja zinaweza kuwa za mifumo tofauti ya redio. Pili, uliza imetoka wapi. Spea za Japani na Uingereza zimetoka kwenye magari ya usukani wa kulia kama yetu. Za Dubai na Sharjah nyingi ni za usukani wa kushoto, na kwenye baadhi ya modeli vitufe vya pembeni hupangwa kumwelekea dereva, hivyo vitakuja vimegeuka. Tatu, risiti ya EFD na makubaliano ya kurudisha ndani ya siku kadhaa, yakiandikwa hata kwa ujumbe wa WhatsApp. Muuzaji anayekataa yote mawili anakuambia kitu kuhusu mzigo wake.

Padi mpya inakupa uhakika ambao hakuna njia nyingine inayotoa, pamoja na dhamana ya muuzaji. Inakupa pia kusubiri, maana mara nyingi itaagizwa nje, na juu ya bei yake kuna usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Kwa gari la miaka kumi, sioni sababu ya kuanza na mpya. Kwa gari ambalo bado lina dhamana, au la ofisi lenye utaratibu wake wa manunuzi, anza nayo bila kusita na usiruhusu mtu afungue konsoli kabla, kwa sababu alama za bisibisi zinaweza kukukosesha dhamana.

Iwe mtumba au mpya, baadhi ya magari hutaka kifaa kisajiliwe kwa mashine kabla hakijaanza kazi. Muulize fundi kabla ya kulipia spea: "Hii ikihitaji kusajiliwa, unayo mashine au tutaitafuta?" Kama jibu ni la kuzunguka, tafuta mwenye mashine kwanza, kisha spea. Watu hufanya kinyume, wakabaki na padi nzuri isiyofanya kazi.

Kuiacha ilivyo

Hii haitajwi na mafundi kwa sababu haina malipo, lakini ni chaguo halali. Kwenye W205 unaizima padi kwenye mipangilio, kishale kinaacha kukusumbua, unatumia kitufe. Kama padi inaruka yenyewe barabarani, kuizima ni jambo la usalama pia: hutaki kuangalia skrini inayojibadilisha ukiwa njiani na malori kuelekea Gairo. Mwenye NX hana nafasi hiyo. Anaweza kuvumilia wiki kadhaa kwa simu iliyowekwa kwenye kishikilio kwa ajili ya ramani, lakini asizoee.

Kwa C-Class, ningeenda hivi: mipangilio, betri, kusafisha nje; ikiendelea, izime na utumie kitufe mpaka siku gari linapofunguliwa konsoli kwa sababu nyingine, ndipo padi ishughulikiwe kwa gharama moja ya kufungua. Kwa NX, nisingesubiri: kusafisha leo, kusoma makosa kesho, kisha fundi umeme na fundi simu pamoja, mtumba wa Japani ukiwa tayari umeulizwa bei endapo hadubini itaonyesha kutu. Kama unataka kuuza gari mwakani, tengeneza kwa vyovyote vile, kwa sababu mnunuzi atakayekaa kwenye kiti cha dereva atagusa padi kabla hajagusa gia, na atapunguza bei kwa kiasi kikubwa kuliko gharama ya ukarabati.

Na kwa njia yoyote utakayochukua, padi ijaribiwe kabla konsoli haijafungwa: soketi zote zichomekwe, za airbagi zikiwa za kwanza, ndipo betri irudishwe na gari liwashwe. Telezesha pande zote nne, bonyeza katikati na kwenye kona, kisha liache gari juani kwa saa nzima na ujaribu tena. Taa ya airbagi iwe imezimika kwenye dashibodi. Fundi akisema hana muda wa hiyo saa moja, malipo ya mwisho nayo yasubiri.